Dawa Inayokaa Jichoni: Safari Ndefu Kutoka Usui Hadi Benaco

Oktoba 1861 msafara wa Mwingereza John Hanning Speke ulikwama Usui, nchi ya Mukama Suwarora, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Biharamulo. Wajumbe wa Suwarora walidai hongo, wakapewa nguo na waya, kisha wakarudi kudai tena. Siku zikayoyoma kabla njia ya kwenda Karagwe, kwa mtawala Rumanika, haijafunguliwa. Speke alikuwa na hamu ya kukiona chanzo cha Mto Naili kwa macho yake mwenyewe, na alikuwa na sababu ya kuyathamini macho hayo. Februari 1858 aliingia Ujiji pamoja na Richard Burton akiwa karibu kipofu kwa uvimbe wa macho. Mbele ya Ziwa Tanganyika aliambulia kuona ukungu unaong'aa tu.

Maradhi ya macho yalikuwa jambo la kawaida katika njia za misafara. Vumbi la mchana, moshi wa kambi usiku, inzi na uhaba wa maji ya kunawa vilitosha kuugeuza mwasho wa asubuhi kuwa tongo la jioni. Dawa hazikukosekana. Bara walikuwa na utomvu wa majani na maji ya mizizi. Pwani walikuwa na wanja wa manga, unga mweusi unaopitishwa ukingoni mwa kope kwa kijiti chembamba. Unga huo mara nyingi huwa na madini ya risasi, na madhara yake yanajulikana siku hizi. Lakini ulikuwa na sifa moja ambayo maji ya majani hayakuwa nayo: ukipakwa, unakaa.

Kukaa huko ndiko kulikowasumbua wataalamu wa dawa za macho kwa zaidi ya karne moja na nusu. Kupata dawa inayoua vijidudu au kushusha presha ya jicho ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuifanya dawa ibaki jichoni bila mtu kusimama pembeni akiitia tena na tena. Kwa mkazi wa kijiji cha Ngara au Biharamulo aliye mbali na daktari wa macho, mara nyingi nusu hiyo ya pili ndiyo inayoamua kama atapona.

Jicho lenyewe halipendi wageni. Tone moja kutoka kwenye chupa ya dawa lina ujazo wa mikrolita 30 hadi 50, ilhali machozi yaliyomo jichoni kwa kawaida ni mikrolita 7 hadi 10. Nafasi iliyopo nyuma ya kope ya chini haiwezi kubeba zaidi ya mikrolita 30 hivi. Kinachozidi hutiririka shavuni, au huingia kwenye kitundu kidogo kilicho pembeni mwa jicho karibu na pua, kikashuka puani hadi kooni. Ndiyo maana mtu akitiwa dawa ya macho huisikia ladha yake mdomoni muda mfupi baadaye. Machozi mapya nayo huendelea kuosha kilichobaki. Kwa makadirio ya wataalamu, kinachofanikiwa kupenya ndani ya jicho ni chini ya asilimia 5 ya dawa yote iliyotiwa.

Katika miaka ya 1860, Speke akiwa njiani, madaktari wa macho wa London walianza kujaribu ujanja mwingine. Walichovya karatasi katika maji ya dawa, wakaikausha, wakaikata vipande vidogo na kukiweka kimoja nyuma ya kope ya chini ya mgonjwa. Machozi yaliilowesha karatasi, nayo ikaiachia dawa taratibu. Karatasi ilikera, hivyo baadaye wakatengeneza visahani vyembamba vya jelatini ambavyo viliyeyuka vyenyewe. Kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza cha mwaka 1885 kilivitambua visahani hivyo vikiwa na atropini ya kupanua mboni, kokaini ya kutia ganzi, na fizostigmini ya kubana mboni. Utamaduni huo haukufa upesi. Toleo la mwaka 1948 la kitabu hicho bado lilikuwa na kisahani cha jelatini chenye atropini.

Fizostigmini hiyo asili yake ni Afrika. Inatoka kwenye mbegu ya Calabar, mji wa pwani ya Nigeria ya leo, ambako Waefik waliitumia kwa kiapo: mtuhumiwa alikunywa maji yake, akitapika akahesabiwa hana hatia, akifa ikawa ndiyo hukumu. Mwaka 1863 daktari wa Edinburgh, Douglas Argyll Robertson, alionyesha kwamba dawa iliyokamuliwa kwenye mbegu hiyo hubana mboni. Mwaka 1876 Ludwig Laqueur wa Strasbourg, ambaye mwenyewe alikuwa akiugua presha ya macho, aliitumia kutibu ugonjwa huo. Muda mfupi baadaye ikaja pilokapini, kutoka majani ya mti wa jaborandi wa Brazili. Kwa mara ya kwanza presha ya macho ikapata dawa ya kutia. Tatizo ni kwamba pilokapini ilitakiwa kutiwa hadi mara nne kwa siku, kila siku, maisha yote.

Dawa kavu ilikuwa na faida nyingine ambayo wasafiri waliitambua haraka: haimwagiki, haivunjiki, wala haichachi njiani. Kampuni ya Burroughs Wellcome ya London, iliyoanzishwa mwaka 1880, ilijijengea jina kwa vidonge vya kushindiliwa vilivyopangwa katika masanduku ya safari. Masanduku hayo yaliingia Kagera mwaka 1889. Henry Morton Stanley alikuwa anarudi kutoka kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ikweta. Alivuka Mto Kagera mwezi Julai, akapita Karagwe, Ihangiro na Uzinza, akalizunguka Ziwa Viktoria upande wa kusini-magharibi kuelekea Bagamoyo. Mganga wa msafara alikuwa Thomas Heazle Parke, kutoka Ireland.

Emin mwenyewe alikuwa daktari, jina lake la kuzaliwa Eduard Schnitzer, na alikuwa anapoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya mtoto wa jicho. Aliyasoma maandishi kwa kuyasogeza karibu na uso. Usiku wa tarehe 4 Desemba 1889, katika karamu ya kuwapokea Bagamoyo, alitoka nje ya dirisha la ghorofani akaanguka na kuumia vibaya. Parke ndiye aliyemuuguza. Mwaka uliofuata Emin alirudi ziwani akiwa mtumishi wa Wajerumani, na Novemba 1890 akaianzisha Bukoba. Mji mkuu wa Kagera, kwa hiyo, ulianzishwa na daktari aliyekuwa nusu kipofu, tena kwa ugonjwa usiosikia tone wala kidonge. Mtoto wa jicho ulihitaji kisu wakati ule, na unakihitaji hadi leo.

Utawala wa Kijerumani uliacha ngome ya mawe Biharamulo na kumbukumbu chungu katika historia ya macho ya ukanda huu. Mwaka 1906 Robert Koch alifika Visiwa vya Ssese, Uganda, kupambana na malale. Kambi za wagonjwa zikafunguliwa pia upande wa Wajerumani, ikiwamo ya Kigarama katika nchi ya Kiziba, kaskazini mwa Bukoba. Dawa yake ilikuwa atoksili, yenye aseniki, iliyodungwa mwilini. Koch alipoongeza dozi, zaidi ya wagonjwa 20 walipofuka kabisa, kwa sababu dawa ilishambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Ilidhihirika kwamba dawa iliyopitia kwenye damu hulifikia jicho bila kizuizi cha machozi, lakini haichagui mahali pa kufanyia kazi. Kwa upande wa pili, iliyotiwa juu ya jicho huchagua mahali, ila haikai.

Ndipo ikaja tyubu. Dawa ya kwanza ya jamii ya tetrasaiklini ilitangazwa mwaka 1948, na katika miongo iliyofuata dawa ya kupaka ya tetrasaiklini ya asilimia 1 ikaenea katika zahanati za Afrika Mashariki. Mafuta yake huikamata dawa isioshwe haraka na machozi. Ndiyo suluhisho la bei nafuu zaidi kwa tatizo la kukaa, na ndilo linalofahamika kwa mama yeyote aliyewahi kupeleka mtoto mwenye macho mekundu kliniki.

Kuipaka kwenyewe ni kazi ya mikono miwili na uvumilivu. Mtoto anapakatwa, kichwa kinaegemezwa nyuma, kope ya chini inavutwa taratibu hadi sehemu nyekundu ya ndani ionekane. Mstari mwembamba wa dawa, urefu wa sentimita moja hivi, unakamuliwa hapo bila ncha ya tyubu kugusa jicho. Mtoto anafumba, anapiga kelele, anajifikicha kwa mkono uliotoka kuchezea udongo. Kwa dakika kadhaa anaona ukungu, na nusu ya dawa imehamia kwenye khanga ya mama. Jioni kazi inaanza upya.

Kwa macho mekundu ya kawaida, siku chache zinatosha. Kwa vikope (trakoma) ni wiki 6, mara 2 kwa siku, yaani mara 84 kwa kila jicho. Nyumba yenye watoto wanne wagonjwa inatakiwa kufanya kazi hiyo zaidi ya mara 300, na kila mara macho ni mawili. Wengi huacha njiani, na wala si kwa uzembe: tongo likikauka, mtoto anaonekana amepona, na shamba linasubiri.

Gharama ya dawa isiyofika au isiyokaa ilionekana wazi Mvumi, Dodoma. Daktari wa macho Allen Foster, aliyefanya kazi katika hospitali ya hapo kuanzia mwaka 1975, aliwachunguza watoto 130 wa Kitanzania wenye vidonda kwenye kioo cha jicho. Katika ripoti aliyoitoa na Alfred Sommer mwaka 1987, zaidi ya theluthi moja ya vidonda hivyo vilifuatia surua, na upungufu wa vitamini A ndio ulioongoza kwa kupofusha macho yote mawili. Dawa za kienyeji nazo zilikuwamo katika orodha ya visababishi. Jirani ya Kagera, Mbarara nchini Uganda, Simon Arunga na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 313 wa vidonda vya aina hiyo, na kama sita kati ya kila kumi walikuwa wametia dawa za kienyeji. Vidonda vinavyotokana na fangasi vina tiba, nayo ni natamaisini, lakini mwanzoni huwa inatiwa kila saa, mchana na usiku. Ni hospitali chache za wilaya zenye muuguzi wa kumwamsha mgonjwa mmoja saa nane, saa tisa na saa kumi usiku.

Wakati wahudumu wa Mvumi wakikamua tyubu, kwingineko duniani wazo la kale la London lilikuwa limefufuka. Moscow, katika Taasisi ya Helmholtz, Yuri Maichuk na wenzake walitengeneza utando mkavu wa polima wenye umbo la yai, urefu milimita 9, upana milimita 4.5, uzito kama miligramu 15. Ulikusudiwa kwa wanaanga. Mahali pasipo na mvuto, tone haliangukii jichoni, linaelea tu. Utando huo uliwekwa nyuma ya kope, ukalainika ndani ya sekunde 10 hadi 15, kisha ukayeyuka polepole huku ukiachia dawa. Mgonjwa hakuhitaji tone jingine hadi kesho yake. Haukuishia angani: Maichuk, ambaye alikuwa pia mtaalamu wa vikope, aliutumia kwa wagonjwa wa vikope na wa presha ya macho duniani hapa.

Marekani walifuata njia yao. Alejandro Zaffaroni, mwanasayansi mzaliwa wa Uruguay, alianzisha kampuni ya Alza mwaka 1968 kwa lengo moja: kutengeneza dawa zinazojitoa zenyewe kwa kipimo. Mwaka 1974 kampuni hiyo ikaruhusiwa kuuza Ocusert, kipande chembamba cha plastiki kinachoonyesha upande wa pili, kikiwa na pilokapini iliyofungiwa kati ya tando mbili. Kiliwekwa nyuma ya kope na kutoa mikrogramu 20 au 40 za dawa kila saa kwa siku 7. Matone 28 kwa wiki yakageuka kazi ya Jumapili moja.

Kwa hesabu, ilikuwa ni ushindi. Kwa wagonjwa, ilikuwa vinginevyo. Wengi walikuwa wazee wenye vidole vinavyotetemeka, na kipande kilikwama wakati wa kukiweka. Wengine kiliwatoka usingizini, wakaamka na kuendelea na siku zao bila kujua kwamba hawana dawa. Bei nayo ilikuwa juu kuliko ya matone. Mwaka 1978 timololi, dawa ya matone inayotiwa mara mbili tu kwa siku, ikaingia sokoni Marekani, na sababu ya kuhangaika na plastiki ikapungua. Hatimaye Ocusert ikaondoka sokoni.

Plastiki yake haikuondoka. Aina hiyohiyo ya polima ndiyo inayobeba homoni ndani ya Implanon, kijiti cha uzazi wa mpango ambacho mwanamke huwekwa mkononi, chini ya ngozi, kwa miaka 3. Hatua hiyo ndogo ya kitabibu imefanyika kwa wanawake wengi wa Tanzania, hadi katika vituo vya afya vya vijijini. Teknolojia ya dawa inayojitoa yenyewe si ngeni Kagera. Imekosekana kwenye macho tu.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Kagera ikawa kitovu cha simulizi iliyoiumiza nchi nzima. Macho yalikuwa miongoni mwa mahali ambapo ugonjwa ulijitangaza: mkanda wa jeshi ulipompata kijana usoni, ukapanda paji hadi ncha ya pua, mara nyingi uliingia jichoni, na katika Afrika Mashariki ya miaka ile ulikuwa dokezo la kupima virusi. Marekani tishio kubwa lilikuwa jingine, virusi vya sitomegalo vinavyokula retina mtu anapobakiwa na kinga kidogo mno. Ili kuvizuia, mwaka 1996 mamlaka za huko ziliidhinisha Vitrasert, punje yenye miligramu 4.5 za gansiklovia iliyoshonwa ndani ya jicho na kutoa dawa kwa miezi 5 hadi 8. Kwa mara ya kwanza, dawa iliyopandikizwa ndani ya jicho ikawa tiba ya kawaida.

Ndani ya hospitali za Kagera punje hiyo isingekuwa na wagonjwa wengi. Tafiti za Afrika ziliwakuta watu wachache zaidi wenye ugonjwa huo wa retina, na maelezo yaliyotolewa mara nyingi ni kwamba walifariki kwa kifua kikuu na magonjwa mengine kabla kinga yao haijashuka kiasi hicho. ARV zilipoanza kutolewa na serikali ya Tanzania mwaka 2004, zililinda macho kwa kuulinda mwili mzima. Vitrasert yenyewe ilikosa soko kwa sababu hiyohiyo, ikaacha kutengenezwa.

Kati ya miaka hiyo, Ngara iliingia katika habari za dunia kwa jambo jingine. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa saa 24. Walielekezwa Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, na baadaye Lumasi, Musuhura na kambi nyingine. Kilima kilichokuwa na miti kikawa mji wa vibanda vya nyasi na plastiki. Kuni zilichomwa mfululizo, vumbi lilipanda na kila lori la maji, na foleni za visima zilikuwa ndefu.

Kwa madaktari wa kambi, kuhara damu, malaria na surua ndivyo vilivyokuwa vita. Macho yalisubiri. Hata hivyo dawa yake ilikuwamo katika sanduku la dharura la Shirika la Afya Duniani, lililopangwa upya mwaka 1990 kutosheleza watu 10,000 kwa miezi 3: tyubu za tetrasaiklini, zikiwa pamoja na dawa za minyoo, chumvi za kuongeza maji mwilini na sabuni. Waliotayarisha orodha hiyo walikuwa wakimwaza mhudumu wa afya mwenye mafunzo machache, asiye na umeme wala darubini. Tyubu ilifuzu. Ocusert isingefuzu.

Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi waliendelea kuishi Lukole, Ngara, hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008. Dawa yoyote inayohitaji wiki sita mfululizo ina mashaka mbele ya watu wanaoweza kuamriwa kuondoka kesho, na hilo ni kweli kwa wakimbizi, kwa wafugaji wa Biharamulo wanaohama na ng'ombe, na kwa wavuvi wa ziwani.

Jibu la vikope lilipokuja, halikupitia jichoni. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer na mfuko wa Edna McConnell Clark walianzisha mpango wa kimataifa wa kugawa azithromaisini bure, na Tanzania ilikuwa katika kundi la kwanza la nchi. Mwaka 2000, katika kitongoji cha Kahe Mpya wilayani Rombo, watu 956 kati ya 978 walimeza dozi moja. Kabla ya dawa, vimelea vilipatikana kwa asilimia 9.5 ya wakazi. Baada ya miezi 2 ikawa asilimia 2.1, na baada ya miaka 2, ambapo waliobaki na dalili walikuwa wakipewa pia tyubu, asilimia 0.1. Katika ugawaji wa dawa hiyo, dozi ya watoto hukadiriwa kwa fimbo ya urefu, si kwa mizani. Azithromaisini hujikusanya katika tishu za mwili na kubaki humo kwa siku nyingi. Mwili wenyewe ukawa ghala la dawa, na mara 84 zikawa mara moja.

Presha ya macho haikupata bahati hiyo. Uchunguzi uliofanywa Kongwa na kuchapishwa mwaka 2000 uliwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, ukakuta asilimia 4.16 wana ugonjwa huo. Hauumi, hautoi tongo, na kilichopotea hakirudi. Mgonjwa anatakiwa kununua na kutia matone maisha yake yote ili asione tofauti yoyote, kwa kuwa faida yenyewe ni kutozidi kupoteza. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, Heiko Philippin na wenzake waliwagawa wagonjwa 201 katika makundi mawili: wa leza na wa matone ya timololi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza yalifanikiwa, dhidi ya asilimia 31 ya yaliyotiwa matone. Baadhi ya waliopigwa leza walihitaji kurudiwa. Kwa vyovyote, tone lilishindwa nyumbani kwake.

Huko kwenye viwanda, mbio zinaendelea. Mwaka 2018 Marekani waliidhinisha Dextenza, kipande kidogo kinachochomekwa kwenye kile kitundu cha machozi baada ya upasuaji na kutoa dawa ya uvimbe kwa siku 30, kisha kikayeyuka. Mwaka 2020 ikaja Durysta, punje ya dawa ya presha inayodungwa ndani ya jicho. Desemba 2023 ikafuata iDose TR, kijisumari cha titani chenye dawa kinachokitwa pembeni ndani ya jicho. Zote zinahitaji daktari bingwa, hadubini na bei ambayo bima nyingi za hapa hazijaifikiria. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ambayo nchi nyingi huitazama zinapoandaa orodha zao, ina matone na dawa za kupaka za macho, lakini haina hata utando mmoja wa kuweka nyuma ya kope.

Ngara ina hospitali za Murgwanza na Rulenge, Biharamulo ina hospitali yake, na kesi ngumu husafiri hadi Bukoba au Bugando jijini Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea wagonjwa wa upande huu kusubiri kivuko. Barabara imefupisha safari ya kumfikia daktari. Haijapunguza idadi ya matone yanayotakiwa kutiwa baada ya mgonjwa kurudi kijijini. Ikiwa kuna dawa inayostahili kudaiwa na wizara na wanunuzi wa dawa kwa ajili ya wilaya kama hizi, ni utando wa bei nafuu wa aina ya ule wa Maichuk, ambao muuguzi wa zahanati angeweza kuuweka kwa kidole safi.

Mpaka utakapopatikana, kuna jambo ambalo kila anayetumia matone anaweza kulifanya leo bila gharama. Nawa mikono. Vuta kope ya chini, tia tone moja tu. La pili humwagika. Fumba jicho bila kulikaza, kisha bonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika 2 hadi 3, ili kitundu kijifunge na dawa isishuke kooni. Kama umeandikiwa dawa ya aina mbili, subiri dakika 5 kabla ya kutia ya pili. Na ukishatimiza miaka 40, nenda ukapimwe presha ya macho, hata kama unaona vizuri.